Nywele timutimu za kijana wa kiume: zinavimba, zinasimama, hazikai. Tatizo liko wapi na anyoe vipi

Mimi ni kinyozi, na Disemba alikuja kwangu mama mmoja na kijana wake wa miaka 17, kamaliza fomu foo mwezi uliopita tu. Joto la Tanga la Disemba mnalijua, feni inazungusha hewa ya moto tupu, na huyu dogo kavaa kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye masikio. Mama hata hajakaa kwenye benchi akasema kaka mtoe zote, mimi nimechoka nazo. Nikamwambia dogo vua kofia nikuone kwanza. Akavua pole pole huku anaangalia chini. Pembeni zimevimba zimefunika nusu ya sikio, juu zimelala bapa sababu ya kofia, utosini kuna sehemu zimezunguka zikasimama peke yake. Akaniambia shuleni walikuwa wanamwita Timutimu. Nikamuuliza mwaka huu umenyolewa para mara ngapi, akasema mara tatu. Mara tatu na zote tatu zimerudi vilevile, sasa hiyo ya nne ingebadilisha kitu gani?

Sikumnyoa para. Nilimwomba mama anipe dakika kumi nizikague nywele kwanza, na ndo hayo niliyoyaangalia siku ile nataka niyaandike hapa, kwasababu wazazi wengi na vijana wengi wanahangaika na jambo hili na jibu wanalopewa kila mahali ni moja tu, toa zote.

Mimi nanyoa Ngamiani mwaka wa 12 saivi, na Tanga kwa mchanganyiko wa watu wake vichwa vinavyopita kwenye kiti changu ni vya kila aina, kuna kipilipili ile iliyokaza kabisa, kuna za mapete makubwa za watoto wenye asili ya Kiarabu au Kisomali upande mmoja, kuna za mawimbi, kuna singa zinazogeuka mvua ikianza tu. Zote zinaweza kuwa timutimu, ila sio kwa sababu moja. Timutimu ni dalili kama homa tu, homa unauliza ni malaria au ni kidonda, hukimbilii dawa. Kwahiyo usianze na staili, anza na kuuliza zinavimba wapi, lini, na baada ya kufanya nini.

Jaribio la kwanza fanyeni nyumbani kabla hamjaja kwa kinyozi. Siku ambayo hatoki aoshe nywele vizuri, asipake mafuta, asichane, asifute kwa taulo, aziache zikauke zenyewe kivulini. Zikikauka angalia. Kama zimejikusanya vikundi vikundi vinavyozunguka kama chemchem ya peni, basi hizo ni za mapete na kilichokuwa kinazitimua ni kitana na taulo. Kama kila unywele umeenda njia yake hata bila kuguswa, chukua ncha chache uziangalie kwenye mwanga, zikiwa zimepauka, zimechanika mara mbili au ni nyembamba kuliko shina basi nywele zimeumia. Kama zimejikunja punje punje na zinarudi chini ukizivuta, hiyo ni kipilipili, na kipilipili ikivutwa inaweza kuonekana mara mbili ya urefu uliokuwa unauona au zaidi, hii ikumbukeni sana nitairudia.

Sasa twende kwenye dalili zenyewe.

Zinavimba pembeni, kichwa kinakuwa kipana kama uyoga

Hii ndo inayoleta watu wengi zaidi na ndo iliyokuwa ya yule kijana. Chanzo chake mara nyingi sio nywele, ni kunyolewa urefu mmoja kichwa kizima alafu zikaachwa ziote. Kichwa ni mviringo, nywele za juu zikiota zinaenda juu na baadae zinainama kwa uzito wake, za pembeni zinaota kuelekea nje, hazina pa kuinamia, zinaongeza upana tu. Kwahiyo aliyenyolewa para mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu ana mpira. Akinyolewa para tena ndo anaanza safari ileile upya.

Na hapa ndo niseme kitu ambacho nimekiona miaka yote hii. Nywele za namna hii zinatulia kwenye sehemu mbili tu, zikiwa fupi sana au zikiwa ndefu za kutosha. Chini ya sentimita moja unywele haujapata nafasi ya kujikunja kwahiyo hauna vurugu. Ukipita sentimita saba nane ukiuvuta, pete inakuwa imekamilika na ina uzito, zinaanza kushikana vikundi na kutulia. Katikati hapo, sentimita 2 mpaka 6, ndo vita vyote vilipo. Unywele umeshaanza kujikunja ila hauna uzito wa kukaa. Nywele zinaota kama sentimita moja kwa mwezi, hivyo anayekata zote kila baada ya miezi mitatu anaishi muda mwingi humo humo kwenye eneo la vita, hajawahi hata siku moja kuona nywele zake zikiwa ndefu na zimetulia, alafu anaamini ana nywele mbaya. Inaniuma sana nikisikia mtoto wa miaka 14 anasema ana nywele mbaya.

Dawa yake ni kutumia zote mbili kwa wakati mmoja, pembeni fupi juu ndefu. Saivi tunaita fedi au tepa lakini babu zetu wa pwani walikuwa na denge, unanyoa kuzunguka unaacha za juu, mantiki ni ileile. Namba za mashine mzijue maana ndo lugha ya kuongea na kinyozi: namba 1 inaacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 milimita 10 hivi, namba 4 milimita 13. Kwa kijana mwenye nywele zinazovimba mimi napenda pembeni namba 2 inashuka taratibu mpaka namba 1 kwenye sharafa na ukosini, juu naacha kama zilivyo nakata ncha tu kuweka umbo.

Fedi ianzie wapi inategemea uso. Dogo mwenye uso wa duara na mashavu, fedi ipande kidogo mpaka karibu na usawa wa panja na juu ziachwe na kimo, uso unarefuka. Mwenye uso mrefu mwembamba msimpandishie fedi na msimwachie kimo juu, huyo pembeni aachiwe namba 3 au 4 na juu ziwe za wastani, ukimpandishia atakuwa kama mshumaa. Paji kubwa, acha za mbele zishuke kidogo ziliguse paji, nywele za mapete zinafanya hivyo vizuri sana zenyewe bila kulazimishwa. Masikio yaliyotokeza, usinyoe sifuri kuzunguka sikio, acha kivuli cha namba 2 au 3, ukiweka ngozi tupu hapo ndo sikio linaonekana zaidi. Kisogo bapa, acha nywele za nyuma juu kidogo zijaze pengo, fedi ianzie chini karibu na ukosi.

Siku ya kunyoa kapendeza, wiki ya pili imeshaharibika

Kinyozi hajakosea hapa, aliyechagua ndo kakosea. Fedi ya ngozi, ile inayoanza na upara kabisa pembeni, ni nzuri siku nne tano za kwanza alafu inaanza kuota vijinywele vinavyosimama, na kwenye nywele za kukunja vinaonekana vichafu haraka kuliko kwa mwenye singa. Ukitaka iwe safi muda wote lazima urudi kila baada ya wiki moja na nusu au mbili. Kwa mwanafunzi anayesubiri hela kwa mama hiyo haiwezekani. Mwambie kinyozi aanzie namba 1 badala ya sifuri na fedi iwe ya chini, hiyo inakwenda wiki tatu mpaka nne bado ina umbo. Mtu akija na mtoto wa shule akaniomba fedi ya ngozi huwa namwambia ukweli huo kabla sijawasha mashine.

Zilikuwa laini utotoni, kafika miaka 13 zimegeuka

Mama anakuletea picha ya mtoto ana miaka sita nywele zimelala vizuri, anauliza tumemfanya nini. Hamjamfanya kitu. Kubalehe kunabadilisha mengi na nywele zimo, wengine zinakuwa nene na ngumu zaidi, wengine zinaanza kujikunja wakati zilikuwa za mawimbi. Shida ni kwamba nyumbani wanaendelea kumnyoa na kumchana kama alivyokuwa na miaka sita. Kitana kilekile cha meno ya karibu karibu, staili ileile ya kulaza upande. Acheni kuzirudisha zilikotoka, fanyeni lile jaribio nililolisema juu, mjue saivi ana nywele gani, mchague kwa hizo alizo nazo leo.

Zimekauka, zinakatika, zikioshwa tu zinapanda juu

Hapa nitakaa sana maana ndo penye makosa mengi ya nyumbani na hakuna staili itakayoficha nywele zilizoumia.

Mafuta ya asili yanatoka kwenye ngozi ya kichwa na yanatakiwa yateleze kwenye unywele mpaka ncha. Kwenye singa yanashuka moja kwa moja, kwenye unywele uliojikunja yanakwama njiani, ndo maana nywele za kukunja zinakuwa kavu hata mtu akiwa msafi vipi. Sasa juu ya ukavu huo mtoto anaoga mara mbili kwa siku na kila akioga anajisugua kichwa kwa sabuni ya kipande, ileile ya kuogea au wengine ya kufulia kabisa. Sabuni hiyo ni kali kwa nywele na ukitumia na maji ya kisima yenye chumvi inaacha utando, nywele zinakuwa kama makumbi ya nazi. Hapa Tanga na hata Dar watu wengi tunaoga maji ya kisima kwahiyo hili sio dogo. Suluhisho sio gharama: shampuu mara moja au mbili kwa wiki inatosha, siku nyingine akioga amwagie maji tu au afunike kichwa, na kama maji ya kisima ni ya chumvi sana suuza la mwisho litumie maji ya mvua au ya bomba hata kopo mbili tatu.

Baada ya shampuu ni kondishena, hii wavulana wanaiona ya dada zao, hapana, mwenye nywele za kukunja bila kondishena ni kama unapika wali bila mafuta unategemea usigande. Apake, akae dakika tatu, achane humohumo zikiwa na kondishena kwa vidole au chanuo la meno mapana, aanzie kwenye ncha akipanda kuelekea kwenye shina, asianzie juu kushuka maana hapo anafunga mafundo na kuyakata. Alafu asuuze. Asifute kwa taulo kwa kusugua, taulo lina vijiuzi vinavyotimua nywele, achukue tisheti kuukuu ya pamba azikamue taratibu kwa kuzibonyeza.

Zikiwa bado zina unyevu ndo apake mafuta. Sio zikauke kwanza. Mafuta hayalowanishi nywele, yanafungia maji yaliyomo, ukipaka kwenye nywele kavu umefungia ukavu. Mafuta ya nazi ni mazuri kweli na sisi watu wa pwani tunayo mlangoni, yana sifa ya kuingia ndani ya unywele na kuupunguzia kupoteza protini wakati wa kuosha, kwahiyo hata kuyapaka nusu saa kabla ya shampuu inasaidia. Kiasi ni kidogo, ukubwa wa punje ya harage unasuguliwa viganjani. Akipaka mengi yatamwagika kwenye paji na kwa umri huu wa chunusi atazidisha chunusi za paji, hilo nimeliona mara nyingi.

Gliserini niiseme kidogo kwasababu mama wengi wanaitumia. Gliserini inavuta unyevu kutoka hewani. Kwa nywele za mawimbi au mapete makubwa wakati wa masika, hewa yenyewe imejaa maji, ukipaka gliserini unaziongezea kuvimba. Kijana akiwa Dodoma au sehemu yenye hewa kavu mambo ni tofauti tena, huko hewani hakuna cha kuvuta, inaweza kuvuta kutoka kwenye nywele zenyewe, kwahiyo achanganye na maji na afungie kwa mafuta juu.

Na kama alishawekwa dawa ya kulainisha, wengine wanawekwa na dada zao jikoni siku ya sikukuu, utaona mstari, chini kwenye shina zimejikunja na juu zimenyooka kama majani makavu. Ule mstari ndo sehemu dhaifu kuliko zote na ndo zinapokatikia. Hapo sina maneno matamu, kata sehemu yote yenye dawa. Unywele ukishatoka kwenye ngozi hauna uhai, hakuna mafuta wala krimu itakayounganisha ncha iliyochanika. Subirini zipate sentimita mbili tatu za nywele mpya, alafu zikatwe usawa wa mstari, atakaa na nywele fupi mwezi mmoja hivi lakini zitakuwa zake.

Kwa kinyozi zilikuwa ndefu, kaoga tu zimepanda zimekuwa fupi na za ovyo

Mnakumbuka nilisema kipilipili ikivutwa inaonekana mara mbili. Kinyozi amezilowanisha, amezivuta kwa kitana, amekata pale alipoona panafaa. Zikikauka zinarudi zilikotoka na sehemu zilizojikunja zaidi zinapanda zaidi, kwahiyo umbo lote linapotea, upande mmoja juu upande mmoja chini. Nywele za mapete na mawimbi zikatwe kavu, zikiwa zimekaa kama zinavyokaa mtaani. Mwambie aje ameosha jana yake, hajachana, hajavaa kofia. Mimi nakata pete moja moja kwa mkasi, inachukua muda lakini ninachokiona ndicho atakachoondoka nacho.

Afro ni kinyume chake, afro lazima uichanue yote kwa chanuo la afro ndo uichonge, vinginevyo utaacha mashimo.

Na jingine, msikubali mkasi wa meno. Wengine wakiona nywele nyingi zimevimba wanachukua ule mkasi wenye meno kupunguza ujazo. Kwa singa inasaidia. Kwa nywele za kukunja unaacha mamia ya vijinywele vifupi ndani vinavyosukuma virefu juu, wiki mbili baadae zimevimba kuliko mwanzo. Ujazo unapunguzwa kwa umbo, pembeni fupi, sio kwa kutoboa toboa katikati.

Utosini au mbele kuna zinazosimama peke yake hata ufanyeje

Pale zinapozunguka kama kimbunga ni kuzaliwa. Wengine wana moja utosini, wengine mbili, wengine moja iko mbele kabisa kwenye paji. Nywele za hapo zinatoka kwenye ngozi zikiwa zimeshaelekea upande wake, ukizifupisha zinapata nguvu ya kusimama. Zifuate zinapoelekea, au ziache ndefu nusu sentimita zaidi ya jirani zake zijilaze kwa uzito, au shusha sehemu yote mpaka namba 1 pasiwe na cha kusimama. Jeli haitoshi, itashika mpaka saa nne asubuhi jasho likianza basi.

Panja zimerudi nyuma, mbele pana kivuli cheusi

Kijana wa miaka 15 ni nadra sana kuanza kuwa na upara. Huyo mara nyingi amechongwa kupita kiasi. Kinyozi anataka laini, ule mstari wa mbele nywele zinapoanzia, iwe kali kama rula, anaingia ndani milimita mbili, wiki mbili baadae zile alizokata zinaota mbele ya laini, mwingine nae anaingia ndani zaidi ili alingane, na baada ya miezi sita paji limekuwa kubwa na mbele kuna vijinywele kama vumbi. Muache mwezi mzima bila kuguswa mbele. Alafu akichongwa iwe kufuata laini yake ya asili hata kama haijanyooka. Kwenye umri huu laini isiyo kali inapendeza zaidi, hata pasipochongwa kabisa mbele kwenye nywele za mapete ni sawa, maana pete zinashuka zinafunika.

Vipele nyuma ya shingo, au mabaka

Hapa tuache urembo kwanza. Vipele vigumu ukosini kwa vijana waliobalehe wenye nywele za kukunja vinakuja sana pale panaponyolewa karibu mno, unywele mfupi wenye ncha kali unajikunja unarudi kwenye ngozi, na kola ya shati la shule inasugua hapohapo. Vikiachwa vinaweza kuwa makovu yanayovimba ambayo kuyatoa ni kazi. Acheni wembe na sifuri ukosini, namba 1 au zaidi, msivikamue, na kama vinaongezeka nendeni kwa daktari wa ngozi mapema sio vikishakuwa uvimbe.

Mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatikia ndani yake ni mapunye, wengine wanaita mashilingi. Huo ni ukungu. Kunyoa para hakuuponyi, krimu peke yake pia haitoshi kwasababu umeingia mpaka kwenye shina la nywele, hospitali wanatoa vidonge vya kumeza na dozi yake ni ya wiki kadhaa, muimalize. Unaambukiza kwa mashine, kitana na kofia, kwahiyo mwambie kinyozi wako ukweli, na kinyozi akichukia kuambiwa asafishe mashine kwa spiriti mbele yako hama, nasema hivi nikiwa kinyozi mwenyewe.

Kaleta picha ya mchezaji, haikutoka vile

Picha nazipenda, zinasaidia kuliko maneno. Ila ziwe za mtu mwenye nywele zinazofanana na zake. Dogo mwenye mapete akija na picha ya Mohamed Salah hapo tunaongea. Akija na picha ya mtu mwenye singa zilizolazwa nyuma kwa jeli, hata nikimnyoa kwa masaa matatu nywele zake zitakataa, na yeye atafikiri kasoro iko kwake. Mwenye kipilipili zake ni nyingi tu, fedi na afro fupi ya juu, boksi, kusokota kwa sponji zikiwa na sentimita mbili tatu zina unyevu na krimu kidogo, dakika tano za kuzungusha sponji upande mmoja zinatoka punje nzuri sana. Asizungushe pande zote, anavuruga alichotengeneza.

Shule hairuhusi

Shule nyingi zinataka nywele fupi na mzazi hana la kubishana getini. Wakati wa shule mkae kwenye lile eneo la chini, namba 1 au 2 kichwa kizima lakini ukosini na kuzunguka sikio iteremke kidogo, hiyo tu inamtofautisha na aliyefyekwa. Kila baada ya wiki tatu zirudiwe kabla hazijaingia kwenye sentimita mbili. Kwa hivyo muhula mzima anapita bila timutimu. Likizo ya mwezi mmoja haitoshi kufuga, msianze kitu ambacho kitakatwa kikiwa katikati ya vita.

Nafasi ya kweli ya kufuga ni baada ya mtihani wa fomu foo, Novemba mpaka Julai wanapoenda fomu faivu, pale pana miezi saba na zaidi.

Na ndo tulichofanya na yule dogo wa kofia. Nilimketisha, nikamwonesha kwenye kioo kwamba pete zake zipo, zimebanwa tu na kitana. Maneno ya kumwambia kinyozi yeyote nikamfundisha palepale akayaandika kwenye simu: pembeni namba 2, ishuke 1 kwenye sharafa na ukosini, fedi ya chini, juu mkasi kwenye ncha tu na zikiwa kavu, panja usiguse, mkasi wa meno usitumie. Mama alisimama nyuma ya kiti muda wote hajasema kitu. Nilipomaliza akamshika kidevu akamgeuza huku na huku akasema kumbe ana uso wa babu yake.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa migumu, za juu zilikuwa katikati kabisa ya vita, alikuja mara mbili anataka nikate. Nilimpunguzia pembeni tu bila kugusa juu, nikamwambia alale na kitambaa laini kichwani na asivae ile kofia ya sufu mchana, inazibana bapa na joto lake linaleta jasho linalozitimua. Mwezi wa tatu masika ikaanza nikaogopa kidogo kwa ajili ya unyevu, lakini zilikuwa zimeshapata urefu, zikajikunja zaidi badala ya kuvimba. Saivi zinamshukia kwenye paji. Mwisho wa Juni tutazikata namba 2 kwa ajili ya shule, analijua hilo, ameshaniambia nisimnyoe mpaka siku ya mwisho kabisa kabla ya basi.